Kiti cha Msimamizi wa Mtaa wa Kofia

Kaeni mkao wa kula, ingawa leo sikuleta chakula. Nimeleta kesi, na haondoki mtu hapa kabla hajatoa hukumu yake.

Katika mji wa Magomboni walikuwapo watu wazima watatu waliorudishwa darasani kufundishwa kazi moja tu: kufufua kitovu cha mji kilichokufa, yaani Mtaa wa Kofia. Msicheke. Kazi hiyo ipo, ina mkufunzi na ina cheti.

Wa kwanza ni Kidawa, binti wa Bi. Mwanakombo mshona kofia. Kipaji chake ni kumbukumbu. Mwonyeshe mlango wowote katika Mtaa wa Kofia, atakwambia nani alikuwa na duka pale, alihamia wapi, na ufunguo anao nani.

Wa pili ni Shomari, fundi mwashi. Kipaji chake ni mikono. Jiwe ambalo mafundi wengine wameshindwa nalo, yeye huligeuza mara mbili tu likakaa.

Wa tatu ni Mwalimu Chausiku, mstaafu. Kipaji chake ni mdomo. Yule mama akikuita, hata kama ulikuwa na safari, utaiahirisha.

Watatu hawa walikuwa na kitu kimoja cha pamoja: walimchukia mtu mmoja. Jina lake Bwana Mgaza, aliyekuwa ofisa wa masoko wa mji. Huyo ndiye aliyehamisha stendi ya mabasi kuipeleka Njia Panda, ambako, ajabu gani, yeye mwenyewe alikuwa na viwanja. Haikumtosha. Akaamuru mabaraza yote ya mawe mbele ya maduka ya Mtaa wa Kofia yavunjwe, eti yanalea wavivu. Lo! Mtu wa Magomboni hanunui kofia akiwa amesimama. Anaketi barazani, anajaribu ya kwanza, anajaribu ya pili, anaulizwa habari za nyumbani, ndipo anunue. Mabaraza yalipoondoka wateja nao wakaondoka, na baada ya miaka miwili milango yote ilikuwa imefungwa.

Siku ya kubomoa, Bi. Mwanakombo aliinuliwa barazani kwake na askari wawili, sindano ingali mkononi. Kidawa aliona. Mama yake hakukanyaga tena mtaa ule. "Sirudi," alisema, "mpaka Mgaza ajibiwe." Kidawa akamlia yamini kwamba atajibiwa, na miaka kumi na mmoja alilala na kuamka na neno hilo.

Shomari yeye alilazimishwa kushika nyundo na kuvunja mabaraza aliyoyajenga baba yake. Naye Chausiku aliandika barua ya kuutetea mtaa. Mgaza akaisoma mkutanoni kwa sauti ya kumuigiza, watu wakacheka, kisha akaichana. Chausiku aliokota vipande, akavigandisha kwa gundi kimoja kimoja, na barua anayo mpaka leo.

Sasa mafunzo. Mkufunzi alikuwa Bi. Nderumaki, mwanamke mfupi asiye na mzaha. Mtihani wake wa kwanza, kurudisha watu mtaani, waliuvuruga. Walitundika bendera, wakaleta vipaza sauti, watu wakajaa wakapita. Watatu wakamkimbilia na daftari la idadi, nyuso zimewaka kwa furaha.

"Mmeniletea miguu," alisema Bi. Nderumaki. "Mimi nataka makalio. Mtaa wenye watu wanaopita ni njia tu. Jumamosi ya mwisho wa mafunzo, kabla jua halijazama, nataka watu mia moja wameketi kwa wakati mmoja. Nyinyi wenyewe hamhesabiwi. Na tisini na tisa si mia. Mkifaulu, mmoja wenu atakuwa Msimamizi wa Mtaa. Yeye ndiye atakayesema nani apewe duka na nani asipewe, na neno lake halikatiwi rufaa."

Kidawa aliposikia hilo la mwisho, moyo ulimpiga. Neno lisilokatiwa rufaa! Ndilo alilokuwa akilitafuta.

Akaenda kuwatafuta wenye funguo. Wengine walishakufa, akawafuata wajukuu. Mzee mmoja alikataa katakata. "Niliapa sitaufungua mlango ule," alisema.

"Babu, kiapo hicho kinamfurahisha nani?" aliuliza Kidawa. "Si Mgaza huyo?"

Mzee akaingia ndani, akatoka na ufunguo. Kwa maneno hayohayo Kidawa alifungua milango ishirini na minane.

Shomari akaenda machinjioni, ambako mawe ya mabaraza yalikuwa yametupwa mtaroni. Aliyatoa moja moja, akayasugua, akayarudisha. Watu hawakumwonea haya. "Si wewe uliyeyavunja?" walimpigia kelele.

"Ni mimi," alijibu. "Ndiyo maana nayajenga mimi."

Baraza la kwanza kulimaliza lilikuwa la Bi. Mwanakombo. Akaendelea mpaka mgongo ukagoma, akapumzika siku mbili, akaendelea tena.

Chausiku naye akaingia misikitini, makanisani, kliniki, hata kwenye harusi asizoalikwa. Nusu ya mji ilikuwa imepita darasani kwake. "Wewe, niliyekufundisha kusoma," alimwambia meneja mzima mbele ya wafanyakazi wake, "Jumamosi nikuone umeketi." Meneja akatoa shikamoo na kuahidi kuja na mkewe.

Mnaona wenyewe. Bila Kidawa, mabaraza yangekuwa mbele ya milango iliyofungwa. Bila Shomari, watu wangesimama kidogo wakaenda zao. Bila Chausiku, mawe yangekaliwa na kuku.

Jumamosi ikafika. Bi. Nderumaki akatembea mtaa mzima akihesabu, Kidawa nyuma yake. Jua lilikuwa limeshuka usawa wa mapaa.

"Tisini na tisa," alisema mkufunzi.

Nafasi moja tu ilikuwa wazi, kwenye baraza la Bi. Mwanakombo. Asubuhi ile Kidawa alikuwa amemwomba mama yake aje aketi, akamwomba tena mchana, na jibu lilikuwa lilelile. Basi akasimama akiitazama nafasi hiyo na machozi yanamlenga.

Mara akaja mtu na bahasha mkononi, akajipangusia jiwe kwa kitambaa, akaketi. Alikuwa Mgaza.

Damu ilimchemka Kidawa. Miaka kumi na mmoja alikuwa akiota kumwinua mtu huyu kutoka mahali hapa, kwa mikono yake, kama mama yake alivyoinuliwa. Alimsogelea. Chausiku akamshika mkono, akamnong'oneza, "Mwanangu, ukimwinua tumekwisha."

Kidawa akapiga moyo konde. Akachukua kikombe kwa muuza kahawa aliyeketi jirani, akamwinamia adui yake. "Karibu, Bwana Mgaza. Kunywa taratibu, usiinuke."

"Ahsante, binti," alisema Mgaza. Hata hakumtambua.

"Mia," alisema Bi. Nderumaki, na mtaa ukalipuka kwa vigelegele.

Ndipo Mgaza akatoa bahasha yake. Alikuwa anaomba duka. Barabara mpya imepita mbali na Njia Panda, kule hakuna tena hata basi la kupotea njia. Mimi msimuliaji sijifichi: niliposikia hilo nilifurahi.

Bi. Nderumaki akaisoma, kisha akawatazama wanafunzi wake. "Mmefaulu. Cheti cha usimamizi ni kimoja. Kazi yenu siwezi kuipima, imelingana. Basi niambieni: nikikupa kiti, ombi hili utalijibu vipi?"

"Nitamwinua sasa hivi, mbele ya hawa wote," alisema Kidawa. "Nilimkalisha kwa ajili ya mia. Mia imetimia. Hapati duka, wala hakanyagi tena hapa. Mama yangu anasubiri neno hilo."

"Mimi nitampa," alisema Chausiku, akatoa barua yake iliyogandishwa. "Lakini kwanza, kila Jumamosi kwa mwaka mzima, atasimama katikati ya mtaa aisome hii. Na ole wake aniigize."

Shomari alijifuta vumbi la mawe. "Nitampa leo leo, bila masharti. Duka la mwisho, lile ambalo sijalijengea baraza, na sitalijengea. Afungue kila asubuhi, atazame watu wanavyoketi kwa wenzake."

Mgaza akaweka kikombe chini. "Na mimi je? Mmepigana kwa tisini na tisa," alisema. "Wa mia ni mimi. Nisingeketi, hakuna ambaye angekuwa na kiti cha kunihukumia."

Kidawa alizidi kukasirika, kwa sababu alijua kwamba mtu huyu, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakusema uongo.

Bi. Nderumaki amekishika cheti, mahali pa jina pako wazi. Mgaza bado ameketi barazani. Na Bi. Mwanakombo yuko nyumbani, mlangoni kwake, anamngoja binti yake amletee jibu.

Haya, wasikilizaji wangu, kalamu nawakabidhi nyinyi. Utaandika jina la nani? Na huyo aliyeketi, aambiwe nini?