Joto la Bibi Atuganile

Sogeeni, na aliye karibu na mlango aufunge. Anayetaka hadithi yenye mwisho aende kwa jirani. Mimi za namna hiyo sina.

Juu kule Kitulo, ambako mwezi wa saba majani huamka na barafu, walikuwepo watu watatu, kila mmoja na ujuzi wake, kila mmoja peke yake nyumbani kwake. Obeti alikuwa fundi wa friji. Ndiyo, friji, Kitulo! Chekeni tu, hata majirani zake walimcheka. Sekela alikuwa mchimba visima. Lutengano alikuwa mwashi, mtu wa maneno matatu kwa siku.

Na alikuwepo Bibi Atuganile, mjane. Siku moja ya baridi kali yeye na mumewe waliingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga dirisha, wakalala. Asubuhi bibi aliamka na kichwa kinamuuma. Babu hakuamka. Tangu siku ile jiko halikuingia tena chumbani, na dirisha halikufungwa tena. Bibi akawa mtu wa kutetemeka na kukohoa, mpaka daktari wa zahanati akamwambia wazi: "Bibi, ukiendelea hivi, baridi ya mwakani hutaivuka."

Obeti akamwendea. "Bibi, umewahi kushika mgongo wa friji? Una joto. Friji hunyonya joto lililo ndani na kulitupa nje. Mimi nitaigeuza, inyonye la nje ilitupe chumbani kwako. Bila moshi."

"Joto la nje? Huku kwetu? Obeti, umekunywa?"

"Limo, bibi. Ni kidogo, lakini limo."

Kompresa ndiyo moyo wa friji, na Obeti alikuwa nayo moja tu nzima, kwenye friji ya marehemu mkewe. Kwa miaka mitano friji ile ilikuwa tupu, na bado aliiacha inawaka, kwa sababu mngurumo wake ndio uliokuwa sauti pekee nyumbani mwake. Akaichomoa. Akatoa kompresa, akaifunga kwenye mashine ya bibi. Aliporudi kwake nyumba ilikuwa kimya, na mzee mzima akalia.

Mashine ikawaka, lakini hewa ya nje ilikuwa baridi mno. Mabomba yakaganda barafu, mashine ikashindwa. Hapo Sekela akasema, "Hewa ina vituko. Maji ya chini hayana. Julai na Desemba ni yale yale. Mashine ikanyonye huko." Akashuka futi arobaini, kamba wameishika Obeti na bibi mwenyewe. Alipokaribia maji, jiwe likamwangukia kiunoni. Kisima alikimaliza, maana Sekela haachi kazi njiani, lakini kiuno hakikumruhusu kushuka tena kwenye shimo lolote. Na mchimba visima asiyeshuka, nani atamwita? Hodi zikakoma mlangoni kwake.

Joto likaja. Likaingia, likatoka. Lutengano akapapasa kuta zenye nyufa, akasema maneno yake matatu: "Hili ni tenga." Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akichoma tofali za nyumba yake mwenyewe, ile ambamo angemleta mke. Akazibeba zote. Akamjengea bibi ukuta wa pili, katikati akashindilia maranda ya mbao, dirisha akalitia vioo viwili, juu akaacha tundu dogo la kupumulia. Yeye akarudi kwenye chumba chake cha kupanga, na habari ya mke hakuitaja tena.

Lakini kila asubuhi chumba cha bibi kilikuwa baridi vilevile. Mafundi wakakagua mabomba, wakakagua ukuta, wakakaribia kugombana. Mwishowe bibi akasema kwa aibu, "Ni mimi. Nafungua dirisha. Siwezi kulala palipofungwa, wanangu. Naogopa."

Hakuna aliyemcheka. Wakamwambia, "Basi kalale kwa jirani. Tutalala sisi."

Wakajilaza sakafuni wote watatu, wakafunga kila kitu. Bibi atalala wapi! Alifika alfajiri, akagonga kioo.

"Obeti!"

"Nipo, bibi."

"Sekela!"

"Nipo, mama."

"Lutengano!"

"Nipo. Obeti anakoroma."

Bibi akacheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu amzike mumewe.

Kuanzia siku hiyo alilala amefunga dirisha, na kikohozi kikaisha. Ila niwaambie ukweli: joto si mtu. Ukuta ulikuwa mnene, hata sauti za njiani hazikumfikia. Kila alfajiri bibi alijikuta anaita yale majina matatu, na hakuna aliyejibu. Akachoka. Akawatumia salamu: "Nina chumba cha pili, kidogo, kina kitanda kimoja, na mashine inakitosha. Mmoja wenu aje tukae wote, awe mwanangu. Aje yule ambaye bila yeye ningekuwa kaburini."

Walifika wote siku ile ile, saa ile ile. Obeti na begi lake, Sekela na begi lake, Lutengano na begi lake. Hakuna aliyekuwa amemwambia mwenzake. Wakatazamana, wakainamisha nyuso.

"Aingie Sekela," akasema Obeti, lakini begi hakulishusha.

"Aingie Lutengano," akasema Sekela, naye hakurudi nyuma.

 Lutengano alikuwa anautazama ukuta wake.

Bibi amesimama kizingitini, mlango wazi, na joto lote linatoka mgongoni mwake kwenda kwenye baridi. Akikawia na mlango wazi, hata joto alilo nalo litaisha. Amefungua mdomo aite jina moja, kama alivyoyaita yote matatu siku ile dirishani, na safari hii wawili hawatajibu "nipo." Watarudi makwao.

Mimi nimefika hapo nikanyamaza, na miaka yote hii sijapata la kusema. Haya, ninyi. Ungekuwa wewe kizingitini, ungeita jina la nani?