Kwa Nini Vidukari Hujificha Chini ya Jani la Mrihani

Weka chini hiyo chupa ya mafuta ya taa, Zuwena, kabla sijakuchapa na kandambili. Unataka kuumwagia mrihani wangu mafuta ya taa, halafu jani hilo hilo ukamfunge bi harusi kifuani? Astaghafirullah! Kaeni hapo kizingitini nyote mnisikilize, maana naona mama zenu hawakuwafundisha kitu. Kwa juu mnaona jani zuri, mnasema mti mzima. Haya, ligeuze. Umeona? Hao wadogo wa kijani waliojazana huko chini ndio vidukari. Nitawaambia ni nani aliyewaweka.

Zamani mrihani haukuwa na mdudu. Ulimea mlangoni, ukanukia, mtu akachuma. Vidukari walikuwepo, lakini kwao kulikuwa porini, kwenye magugu, nao walikaa juu ya jani, peupe, hawamfichi mtu kitu. Na zamani hizo mdudu alikuwa akisikia la binadamu. Ukimtuma, anakwenda. Ila palikuwa na sharti: mdudu aliyetumwa haondoki alipotumwa mpaka aitwe na yule yule aliyemtuma, kwa sauti, jua limetoka, watu wanasikia. Kwa hiyo watu hawakutuma wadudu ovyo.

Basi hapa hapa Pemba palikuwa na mwanamume akiitwa Faki, mwenye wake wawili. Mkubwa alikuwa Mize, mdogo Raya. Nyumba zao zilitazamana, uwanja ukiwa katikati, na kisima mbele kidogo ya uwanja. Mize alimzalia Faki watoto, na binti yake wa kwanza, Subira, alikuwa ameshaposwa. Raya hakujaliwa mtoto. Alikuwa na mrihani wake tu. Aliupanda mara alipoletwa pale, akautia samadi ya mbuzi, na kila ulipotaka kuchanua akaukata vichwa ili utoe matawi. Ukawa kichaka kinachomfika mtu kiunoni.

Wivu wa Mize aliuwasha Faki mwenyewe. Siku moja, zamu ya Mize, aliingia na kijitawi cha rihani juu ya sikio, akakaa kula, akasema huku anatafuna: "Nyumba ya Raya, unaisikia harufu yake tangu kisimani." Hakusema kwa ubaya. Wanaume ndivyo walivyo, hufungua mdomo bila kuangalia wamekaa jamvi la nani. Mize alimwongeza mchuzi, lakini roho ilimuuma mpaka mate yakawa machungu. Miaka yote ile ya kupika, ya kuzaa, ya kumuuguza mama mkwe mpaka anazikwa, hakuna hata mmoja aliyewahi kusema ameisikia nyumba yake tangu kisimani.

Tangu hapo, macho ya Mize hayakuona kitu kingine. Mwenye harusi anabisha kwa Raya. Mwenye mtoto wa mafua anabisha kwa Raya. Wageni wa Faki wakifika wanasimama kwanza kwenye mrihani, wanavuta pumzi, wanasema mashaallah, ndipo wanakumbuka kumwamkia bi mkubwa. Naye amekaa mlangoni kwake na ungo wa mchele, anachambua, anatazama. Mchele ukaanza kuingia chunguni na mawe yake. Faki akalalamika, na Mize akaona hilo nalo ni kosa la Raya.

Asubuhi moja Raya alikuwa amekwenda kuchuma karafuu. Mize akaingia porini, akavunja kijiti kilichojaa vidukari, akakifunika kwa kanga. Akachuchumaa kwenye mrihani, akageuza majani moja moja, akawapanga vidukari upande wa chini. "Kaeni huku huku chini," akawaambia, "asiwaone. Fyonzeni mpaka unyauke, na msitoke mpaka niwaite." Tena alijua kwamba kile kidudu chekundu, cha mviringo, chenye madoa meusi mgongoni, kingewala wote. Kwa hiyo akawaita sisimizi wawe walinzi, na ujira wao uwe yale maji matamu yanayowatoka vidukari kwa nyuma. Sisimizi walikubali hata hajamaliza kusema, maana mnawajua kwa utamu.

Haukupita muda, majani yakaanza kujikunja na kuwa manjano. Ukiyashika, yananata. Raya aliuona mti wake kwa juu tu, akadhani ni kiu, akaongeza maji. Akadhani ni njaa, akaongeza samadi. Mti ukazidi kusinyaa. Kile kidudu chekundu kilikuja kweli, lakini sisimizi wakakiuma miguu mpaka kikaruka zake. Na Mize? Sitawadanganya, alifurahi. Siku zile alipika huku anaimba.

Harusi ya Subira ikakaribia. Uwanja ukajaa wanawake, huyu anakuna nazi, huyu anatwanga bizari, na mchana kweupe Raya akavuka, akapiga magoti mbele ya mke mwenzake, machozi yanamtoka.

"Bi mkubwa, nisamehe," alisema. "Mrihani ule nilikuwa namtunzia Subira. Nilitaka kikuba chake cha kuvaa kifuani kitoke hapa hapa nyumbani, asivae cha kuombaomba. Sasa umekufa mikononi mwangu, wala sijui umekufa kwa nini. Na mimi sina binti mwingine."

Mize akaacha kukuna nazi. Mti alioutumia vidukari ufe ulikuwa wa mwanawe! Na jua lilikuwa limetoka, na watu walikuwepo, na wote wangesikia. Angetamka tu, "Vidukari, tokeni," na mambo yangekwisha pale pale. Alifungua mdomo. Akawatazama wale wanawake, akajua watakachosema usiku ule na kila usiku baada yake. Halafu akamtazama Raya, na ule wivu ukamrudi upya: kumbe huyu anamtaka hata mwanangu!

"Watu wana jicho baya, bi mdogo," alisema. "Usilie, ni hasadi tu." Kisha akarudi kwenye nazi yake.

Jioni, watu walipokwenda kusali, alijipenyeza mpaka kwenye mrihani akanong'ona, "Tokeni, tokeni basi." Hakuna aliyetoka. Sharti lilikuwa sauti na mashahidi, naye alileta mnong'ono.

Asubuhi ya harusi Raya aliamka na umande, akakaa chini kando ya mti wake kuutazama kwa mara ya mwisho. Kwa kuwa alikaa chini, aliona asichokiona siku zote amesimama: sisimizi wanapanda shina mstari mmoja. Akamfuata mmoja kwa macho mpaka alipopotelea nyuma ya jani. Akaligeuza. Lahaula! Vidukari tele. Alikwenda jikoni, akachota majivu yaliyopoa, akayachekecha, akarudi akaanza kuyapaka chini ya kila jani, na umande ukayashika. Mengine akayazungushia shina, na sisimizi walipoyafikia wakageuka. Sisimizi walipopungua, kile kidudu chekundu kikarudi, kikaanza kula.

Wakati wote huo Mize alikuwa amesimama mlangoni kwake anamwangalia Raya alivyojikunja mgongo, vidole vimekuwa vya kijivu, anageuza jani baada ya jani. Hata hapo, jua limeshatoka na watu wameshaanza kufika, angeweza kuita.

Vilipatikana vijitawi vichache vizima. Raya aliviosha, akavifunga na asumini, kikatoka kikuba kidogo lakini kinachonukia chumba kizima, akaja kumbandika Subira kifuani. Subira alikuwa akimwita mama mdogo tangu utotoni. Siku ile, mbele ya wanawake wote, aliibusu mikono iliyobaki na majivu kwenye kucha, akasema, "Ahsante, mama."

Mama tu. Mize alilisikia akiwa ameshika sinia la halua mkononi. Alilitua chini, akaenda jikoni, na mdomo wake juu ya jambo lile ukafungika moja kwa moja. Alizeeka anatazamana na ule mrihani. Alifiwa na Faki akiutazama. Akafa hajawaita.

Na tangu siku hiyo vidukari wako chini ya jani, kwa mrihani ule na kwa kila mche uliotokana nao, wanafyonza, kwa sababu ndivyo walivyoambiwa, na sisimizi wanapanda na kushuka kuwalinda. Ndiyo maana sisi tunaamka na umande, tunakaa chini, tunageuza jani moja moja na kulipaka majivu, na kile chekundu hatukigusi. Tunawatoa, wanarudi. Tunawatoa tena. Mtu mmoja alikuwa na uwezo wa kuwaondoa wote kwa kusema mara moja tu, naye aliona heri mti wa mwanawe ukauke kuliko watu wamjue.