Mwizi wa Mchicha wa Bi Kuku

Paukwa!

Nyie wa nyuma hamjajibu. Paukwa! Pakawa! Haya, sasa mmeamka. Mwenye muwa atafune polepole, maana leo nina hadithi tamu na sitaki kuirudia.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakikaa kitongoji kimoja na kuazimana chumvi, palikuwa na Bi Kuku. Bi Kuku hakuwahi kulima maisha yake yote. Alikuwa wa kuokota tu: punje hapa, mdudu pale, siku imepita.

Siku moja jirani yake, Bwana Digidigi, alimpa konzi ya mbegu za mchicha, akamwelekeza namna ya kutengeneza tuta uani. Jamani, Bi Kuku alifurahi! Hakula siku ile. Akatifua, akatia samadi, akasia mbegu, kisha akapita nyumba kwa nyumba kutangaza kwamba na yeye sasa ana bustani, wasimwone hivi.

Alfajiri aliamka wa kwanza. Akakimbilia uani kulisalimia tuta lake. Akapanda juu, moyo unamruka, akaimba:

Mchicha wangu, ota,
Ota upesi nikuone,
Na majirani wakuone.

Na kuku akifurahi, si mnamjua, miguu haitulii. Chaku, chaku, chaku! Macho juu, miguu chini. Kisha akajitwika mtungi, akaenda mtoni kuchota maji ya kumwagilia.

Anarudi, jua limeshatoka, tuta limevurugwa! Mbegu zimetapakaa, nyingine hazionekani kabisa. Bi Kuku akalia, akasema kuna mwizi.

Akasia mara ya pili. Safari hii mbegu zikachipua, vijani viwili viwili. Bi Kuku nusura apate wazimu kwa furaha. Akapanda juu ya tuta, akaimba wimbo wake. Chaku, chaku, chaku! Akaenda mtoni, akarudi, miche yote imelala, mizizi iko juani.

Akasia mara ya tatu. Ikachipua vizuri kuliko ya pili. Akaimba. Chaku, chaku, chaku! Akaenda mtoni. Aliporudi akamkuta Bwana Digidigi amesimama kando ya tuta, ameinamia miche iliyong'oka.

Hapo hakukuwa na mswalie mtume. Bi Kuku alipiga yowe, kitongoji kizima kikajaa uani. Mjumbe, Mzee Nyati, akaja na fimbo yake. Digidigi akajieleza kwamba alipita tu akaona uharibifu, akaingia kutazama, lakini nani amsikilize? Mla majani amekutwa penye majani. Mzee Nyati akaamua kwamba kesho, jua likifika utosini, Digidigi na mkewe wawe wamehama. Na huyo mke, jamani, mimba yake ilikuwa ya siku za mwisho, hata kutembea anaegemea ukuta.

Digidigi aliomba jambo moja tu.

"Mzee, nina mbegu kidogo zimebaki. Bi Kuku asie leo, na juu ya tuta amwage majivu. Kama mwizi ni mimi, mtaziona kwato zangu."

Mzee Nyati akakubali. Bi Kuku akasia, akamwaga majivu, tuta likawa jeupe pe.

Alfajiri iliyofuata aliamka na furaha mbili, ya mchicha na ya kumnasa mwizi. Akapanda juu, akaimba. Chaku, chaku, chaku! Anatazama chini, majivu yamejaa nyayo. Hata mtungi hakuukumbuka. Alitoka mbio kuamsha watu.

"Tumempata! Mwizi ameacha nyayo!"

Watu wakatoka. Wakamtazama Bi Kuku, wakatazamana. Miguu yake ilikuwa imejaa majivu mpaka magotini. Wakaenda kwenye tuta, wakaona nyayo, vidole vitatu mbele na kimoja nyuma.

Mzee Nyati akamuuliza kwa upole, "Bi Kuku, digidigi ana vidole?"

Bi Kuku akaitazama miguu yake. Aibu ilimpanda hadi kwenye upanga wa kichwa. Uongo alikuwa nao tayari, aseme ni Kanga, maana Kanga naye ana miguu kama hiyo. Akafungua mdomo. Ndipo akamwona mke wa Digidigi anatoka mlangoni, mkeka kichwani, mkono mmoja ukutani, anaanza safari.

"Rudi ndani, dada," Bi Kuku akasema. "Mwizi ni mimi. Mara zote ni mimi."

Digidigi hakucheka wala hakumtukana. Alikwenda kwanza kumtua mkewe ule mkeka. Kisha akarudi na panga, wakakata miiba, wakazungusha ua wenye lango. Bi Kuku mwenyewe ndiye aliyeomba afungiwe nje. Majirani wakamwagilia, yeye anaimba upande wa pili, anachakura vumbi. Mchicha ulipokomaa, fungu la kwanza alilipeleka kwa mzazi, mke wa Digidigi, na kitoto chao.

Ndiyo maana mpaka leo bustani inawekewa ua, na kuku anazunguka nje akichungulia.

Wanangu, ukiharibikiwa, itazame kwanza miguu yako, ndipo uutazame mlango wa jirani. Na ukijikuta na majivu, sema.

Hadithi yangu nimeifunga kama lile lango la miiba. Kama imewapendeza, nendeni nayo, na mkaoshe miguu kabla ya kulala.