Ghiliba Tatu za Mheshimiwa

Fainali ya besiboli ilichezeshwa na Mheshimiwa Magadula, mfadhili wa kombe. Mpwa wake alichezea timu moja. Nyamizi alikuwa mrushaji wa timu ya pili. Kila Nyamizi alipoinua mkono kisha akasita, Mheshimiwa alifoka:

"Ghiliba! Ukianza kurusha, malizia! Mkimbiaji asogee kituo kimoja!"

Mara tatu. Mpwa, aliyekuwa mkimbiaji kwenye kituo cha kwanza, akafika kituo cha mwisho, kiitwacho nyumbani, kwa kutembea tu. Timu yake ikashinda.

"Sheria hiyo inamhusu nani, Mheshimiwa?" Nyamizi aliuliza.

"Kila aliyeshika kitu uwanjani. Hata mimi!"

Watu wakampigia makofi.

Meza kuu, ndani ya hema, ilikuwa na kombe, na sinia la mbuzi wa washindi. Mheshimiwa akamnyooshea mpwa kombe, akalirudisha kifuani. Mpiga picha hakuwa tayari.

"Ghiliba!" alisema Nyamizi. Timu yake ikatoka juani, ikaingia hemani.

Mheshimiwa akalinyoosha tena kombe, akalirudisha ili aweke tai sawa.

"Ghiliba!" Wakakanyaga zulia la mbele ya meza.

Mara ya tatu alilinyoosha, akalirudisha kwa kukumbuka kwamba hajahutubia. Akahutubia saa nzima.

Alipogeuka, sinia lilikuwa limebaki na mifupa tu.

"Nani kawaruhusu kufika hapa mezani?"

Nyamizi alijifuta mdomo. "Tumefika nyumbani, Mheshimiwa. Kwa kutembea tu."