Boga Lililouzwa Mara Tisa

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walikuwa na kanisa lao juu ya kilima cha mawe, na wazee wa kanisa, na vikao visivyokwisha. Mambo yao hayakupishana sana na ya kwetu, ila wao walikuwa na mikia.

Mtunza ghala alikuwa Mama Pimbi, mdogo kama paka, macho makali. Ghalani mlikuwa na magunia thelathini ya mtama, sadaka za mavuno. Mwaka ule haukueleweka hata kidogo: mvua ilinyesha mapema ikakata, viwavi wakavamia mashamba, bei ya chumvi ikapanda kila gulio. Mama Pimbi alijua kwamba mtama ule ukipotea, wajane na yatima wa kanisa watakufa njaa.

Jumapili moja, baada ya ibada, kri kri kri! Mkokoteni ukapanda kilima. Alikuwa Bwana Fisi, kavaa suti, kabeba magunia tisa.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Wapendwa, nyakati hizi ngumu, mtama uliolala ghalani umekufa! Nipeni hayo thelathini, mwezi ukiandama nawaletea sitini. Tazameni haya tisa. Faida ya wiki moja tu!"

"Loo!" Mzee Tembo, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, masikio yakampepea kwa furaha. "Mama Pimbi, lete ufunguo."

"Mzee wangu, mtama huzaa shambani. Huyu analima wapi?"

"Mama, baraka hazihojiwi!"

Mama Pimbi akayachungulia yale magunia. Yameshonwa kwa katani nyeusi, mishono ya kupishana. Ah! Ni akina mama wa kanisa la Bondeni tu washonao vile. Hasira zikampanda kifuani, lakini alijua akipiga kelele ataambiwa ana wivu. Akapiga magoti kwa adabu.

"Nimekosa, mzee wangu. Ufunguo nitautoa. Ila bado hatujafanya mnada wa sadaka, na mgeni wetu hajatubariki."

Mnada huo mnaujua. Aliyekosa cha kutoa huleta mayai au muwa, vikauzwa pale nje, na mnunuzi mwenye heshima zake hurudisha alichonunua kiuzwe tena. Mama Pimbi akainua boga.

"Boga hili! Nani?"

"Debe moja," akasema Mzee Tembo.

"Debe, na mgeni mwenye magunia yupo?" Vigelegele vikapigwa, lililili!

Fisi angewezaje kuonekana fukara mbele ya magunia thelathini? "Gunia zima!"

"Mrudishie Bwana! Mrudishie Bwana!" kanisa likaimba.

Fisi akacheka kwa meno tu, akalirudisha. Boga likauzwa tena. Pu! Gunia la pili likashushwa. Kila alipotaka kukaa, Mama Pimbi aliuliza kwa upole, "Jamani, tajiri wetu amechoka?" Pu! La tano. Pu! La nane. Kufika adhuhuri mkokoteni ulikuwa mtupu, na boga bado lilikuwa mikononi mwa Mama Pimbi.

Fisi akajifuta jasho. "Haya. Sasa nipeni thelathini yangu."

"Hapana haraka, mheshimiwa. Katuletee kwanza faida ya wiki hii. Tisa mengine tu, halafu Mzee Tembo mwenyewe atakufungulia ghala."

"Nitayatoa wapi?" Fisi akafoka. "Bondeni nimeshamaliza!"

Fisi akajiuma ulimi, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Akakurupuka, akateremka kilima mbio na mkokoteni wake, kri kri kri!

Jioni Mzee Tembo aliyabeba magunia yote tisa mgongoni, akayarudisha Bondeni, Mama Pimbi akitembea kando yake.

"Mimi, mama, nilimshtukia tangu mwanzo," akasema Mzee Tembo.

"Naam, mzee wangu," akajibu Mama Pimbi, ufunguo kaufumbata kwa nguvu. "Sote tulikuona."

Ndiyo hivyo, watoto: mali ya wengi haikabidhiwi mdomo mtamu.