Ngiri Aliyeita Shokoa kwa Jina Lake

Paukwa!

Pakawa!

Hee! Mnaitikia hivyo mmeshiba viazi au mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nawasikia. Hapo kale, kale sana, wanyama wa bondeni walikuwa wakilima kwa ujima. Leo wote kwa Kobe, kesho wote kwa Kanga, keshokutwa wote kwa Fisi. Mwenye shamba ndiye aliyepika, na ndiye aliyetia jembe la kwanza.

Ngiri alikuwa mjane mwenye watoto wadogo. Sauti yake ilikuwa kali, kwa hiyo yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo za kulima. Mwaka huo mvua ziliwahi, na shamba lake lilikuwa bado pori. Asipopanda kwa mvua zile, wanawe wangekula nini?

Nyati akasema, "Jamani, mwaka huu tuanzie kwangu. Kesho tutakwenda kwa Bi Ngiri."

"Hewala," wakasema wote. Nyati akapika kunde, akatia jembe la kwanza, wakalima mpaka jua likazama.

Siku ya pili Ngiri aliinjika chungu cha maharage. Mara Nyati huyo, mbio! "Bi Ngiri, kwangu kimebaki kipande kidogo tu. Nimalizieni, wenzangu."

Wakaenda. Chakula hakikupikwa. Nyati hakushika jembe, alikaa kivulini akijipepea.

Siku ya tatu sasa! Fisi alikuja mlangoni kwa Ngiri na bakora mkononi. "Toka! Shambani kwa Bwana Nyati!"

"Na zamu yangu je?"

"Utaambiwa!"

Ngiri akalima huku machozi yakimtoka. Hapo akakumbuka neno ambalo bibi yake alikuwa akilisema kwa kunong'ona: shokoa. Zamani, bibi alisimulia, wakubwa waliwakamata wadogo njiani wakawatia shokoa. Walifanya kazi bila ujira, bila zamu, bila kuulizwa. Ngiri alikuwa mtoto, hakuelewa. Leo alielewa.

"Mbona kimya?" Nyati akanguruma. "Ngiri, anzisha wimbo! Huu ni ujima, changamkeni!"

Wee! Ngiri akasimamisha mkia, akaanzisha:

"Juzi tulilima wapi?"

"Kwa Nyati!"

"Jana tulilima wapi?"

"Kwa Nyati!"

"Na leo tunalima wapi?"

"Kwa Nyati..."

Majembe yakalegea. Wanyama walikuwa wakiyasikia majibu yao wenyewe. Kanga akatazama malengelenge yake.

"Ujima una zamu," Ngiri akaimba, "zamu iko wapi? Ujima una chungu, chungu kiko wapi? Kazi hii jina lake nani?"

Kobe, aliyeishi miaka mingi kuliko wote, akajibu kwa sauti iliyokwaruza. "Shokoa!"

"Shokoa!" wakapokea wote. "Shokoa! Shokoa!" Bonde zima likavuma!

"Nyamazeni!" Nyati akafoka. "Fisi, wachape!"

Fisi akainua bakora. Kisha akaishusha polepole. "Bwana, na shamba langu mimi litalimwa lini?"

Nyati akainamisha pembe, akaziba njia. Ngiri akapita kando yake, jembe begani, akashika njia ya shambani kwake. Nyuma yake Kobe, nyuma ya Kobe Kanga, nyuma ya Kanga wote. Ampige nani, amwache nani? Nyati akabaki na pembe zake.

Siku hiyo hiyo shamba la Ngiri likalimwa likapandwa. Kwa Nyati magugu yakaota, yakaota, yakaota, mpaka yakamshinda. Asubuhi moja akatokea kwa Ngiri na jembe, macho chini.

"Bi Ngiri, nimekuja kulima."

Ngiri alikuwa bado na hasira, tena nyingi. Lakini alimwonyesha kwa kidole. "Mstari wako ule pale. Na chungu kiko motoni, utakula na wenzako."

Mmesikia, wanangu? Kazi yenye zamu ni ujima. Kazi isiyo na zamu ni shokoa, hata ikiimbiwa nyimbo tamu, na asiyeiita kwa jina lake atailima mpaka uzee.

Ngano yangu imefika ukingoni mwa shamba, jembe nalitua. Iliyobaki limeni ninyi.