Binti wa Shekue Apewe Jina la Nani?

Hapo zamani, si zamani ya fisi na sungura, zamani ile kompyuta ilikuwa nene kama gunia la mkaa, na chumba chake ukiingia unavua viatu mlangoni, palikuwa na kijana wa Tanga, Shekue, kazi yake kuandika programu. Enzi zile tulimheshimu, jamani. Soksi zake zikionekana zimetoboka, tunasema huyo msomi.

Lakini kazi ikamchosha, kicheko kikampotea. Akawa anakula wali hajui kama una chumvi. Siku moja bosi wake, Bi Zamda, hasira zikampanda: "Toka. Sura yako inaninunishia ofisi." Shekue akatoka, viatu mkononi.

Akapokelewa na Bi Mwanakombo, fundi cherehani. Akamfundisha kupima, akamfundisha kukata, akamfundisha kushona, na zaidi ya yote, kufumua. "Kufumua si aibu, mwanangu. Aibu ni kumvalisha mtu kosa." Kicheko kikarudi. Bwana harusi mmoja alipolalamika suti haina mifuko, Shekue akamjibu, "Oa nayo hivyo hivyo. Mifuko inakuja toleo lijalo."

Bi Chausiku, mwenye duka la dawa, alikuwapo akipimwa gauni. Akacheka mpaka akakaa chini. "Wewe cherehani umeiazima tu. Njoo uniandikie programu ya duka langu." Akakataa. Akamrudia. Akakataa. Akamrudia, mpaka akakubali. Safari hii akaandika kama anavyoshona, akifumua bila kununa, na kazi ile ile ikawa tamu.

Akaoa, akapata binti. Siku ya akika, wanawake wale watatu wakajaa mkekani, kila mmoja akitaka mtoto apewe jina lake, awe somo wake.

Bi Zamda akasema, "Nisingemfukuza, angekauka kwenye kiti changu."

"Ulimfukuza kwa hasira, shoga, si kwa huruma," Bi Mwanakombo akamjibu. "Nisingemfunza mimi, angerudi na kununa kwake. Na alipoirudia kompyuta, aliyebaki bila fundi ni nani?"

"Nisingemrudisha mimi," akasema Bi Chausiku, "angezeeka anashona, moyo uko kwingine."

"Ulikuwa unatafuta wa kukupangia dawa zako," Bi Zamda akadakia.

"Nilitafuta, ndiyo. Na yeye akapata."

Mbuzi ameiva, shehe ananyoosha shingo. Mke akamgeukia Shekue: "Mume wangu, watu wanangoja. Kuanzia leo nikuite baba nani?"

Haya, ninyi mnaotafuna karanga zangu, msaidieni Shekue: aitwe Baba Zamda, Baba Mwanakombo, au Baba Chausiku?